Makaburi ya Thomas Jefferson na ukoo wake: mwongozo kamili wa kuyatafuta, kuyazuru na kuyasoma

Thomas Jefferson, mwandishi wa Azimio la Uhuru la Marekani na rais wa 3 wa nchi hiyo, alifariki tarehe 4 Julai 1826, siku ambayo Azimio lenyewe lilitimiza miaka 50. Kesho yake akazikwa kwenye shamba lake la Monticello, jimboni Virginia. Wageni wengi huishia hapo: wanapanda mlima, wanapiga picha mnara wa kaburi kupitia nondo za uzio, wanashuka.

Lakini ukoo wa mtu huyu haukuzikwa ndani ya uzio mmoja. Wapo waliolala Florida, Wisconsin na Kansas. Wapo waliolala pembeni mwa maegesho ya magari ya hapo hapo Monticello, na hakuna jiwe lenye jina juu yao. Hata mnara wa kwanza wa kaburi la Jefferson mwenyewe haupo tena Virginia. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na karatasi, makaburi yanafuata. Anayeanza na mawe huona nusu ya ukoo akadhani ameuona wote.

Hatua ya 1: Chora ukoo kabla ya kununua tiketi

Chukua karatasi kubwa uilaze kwa upana. Juu kabisa andika wazazi, Peter Jefferson (alifariki 1757) na Jane Randolph (alifariki 1776). Chini yao mwandike Thomas, aliyezaliwa Shadwell mwaka 1743, mwendo mfupi tu kutoka Monticello. Kisha gawa karatasi pande mbili.

Upande wa kwanza ni wa mke wake, Martha Wayles, aliyemwoa tarehe 1 Januari 1772 na kufiwa naye tarehe 6 Septemba 1782. Walizaa watoto 6. Waliofika utu uzima ni wawili tu, wote wa kike, Martha na Maria. Matokeo yake ni kwamba hakuna mjukuu wa ndoa aliyebeba Jefferson kama jina la ukoo. Ukitafuta wajukuu hao makaburini, tafuta Randolph na Eppes: Martha binti aliolewa na Thomas Mann Randolph, ambaye baadaye alikuwa gavana wa Virginia, na Maria aliolewa na John Wayles Eppes.

Upande wa pili ni wa Sally Hemings, mwanamke aliyekuwa mtumwa wa Jefferson na aliyezaa naye watoto (ushahidi uko Hatua ya 3 na ya 8). Hapa mchoro unaanza kubana. Baba yake Sally alikuwa John Wayles, baba yule yule wa mke wa Jefferson. Kwa hesabu zetu za ukoo, Sally alikuwa shemeji yake Jefferson. Na kwa Martha binti alikuwa mama mdogo, ingawa anakadiriwa kuzaliwa 1773, mwaka mmoja baada ya huyo mtoto wa dada yake. Watoto wa Sally waliokua ni wanne: Beverly, Harriet, Madison na Eston. Kwa mabinti wa Jefferson, hao wanne ni ndugu wa baba mmoja na papo hapo ni watoto wa mama mdogo. Programu nyingi za kompyuta za kuchora koo zinapata taabu na uhusiano wa aina hii, na ndiyo sababu ya kusisitiza karatasi.

Usisahau ndugu wengine wa Sally, maana wanaingia moja kwa moja kwenye habari ya kaburi. John Hemmings, seremala, kaka yake Sally kwa mama, ndiye aliyetengeneza jeneza la Jefferson. Wormley Hughes, mtunza bustani, mtoto wa dada yake Sally, ndiye aliyelichimba kaburi.

Hatua ya 2: Sawazisha tarehe

Hii ni hatua fupi lakini inaokoa ugomvi mwingi. Jiwe la Jefferson linasema alizaliwa tarehe 2 Aprili 1743, likaongeza herufi O.S. Vitabu vinasema 13 Aprili. Hakuna aliyekosea. Uingereza na makoloni yake zilibadili kalenda mwaka 1752 na kuruka siku 11, na hizo herufi zinamaanisha kwamba tarehe imeandikwa kwa kalenda ya zamani. Kila tarehe ya ukoo huu iliyo kabla ya Septemba 1752, iandikie pembeni umeitoa kwenye kalenda ipi.

Hatua ya 3: Soma nyaraka ukiwa nyumbani

Karibu kila kitu cha msingi kinasomeka bure kwenye intaneti. Anza na Founders Online, hazina ya Hifadhi ya Nyaraka za Taifa la Marekani yenye barua za Jefferson na wenzake, inayotafutika kwa jina na kwa tarehe. Maktaba ya Bunge la Marekani nayo ina picha za karatasi zake nyingi.

Kisha fungua daftari lake la shamba, Farm Book, ambalo Jumuiya ya Historia ya Massachusetts imeliweka mtandaoni ukurasa kwa ukurasa. Humo Jefferson aliandika kwa mkono wake majina ya watumwa wake, kuzaliwa kwao, blanketi na vitambaa waliyogawiwa. Watoto wa Sally wamo. Jina la baba yao halimo. Soma daftari hili taratibu, hata kama mwandiko unachosha macho, kwa sababu kwa mamia ya watu hao ndiyo rejista pekee ya kuzaliwa waliyopata. Katika maisha yake yote Jefferson alimiliki zaidi ya watu 600, na takriban 400 kati yao waliishi Monticello.

Baada ya hapo nenda kwenye sensa ya 1870. Ndiyo sensa ya kwanza ya Marekani iliyoorodhesha kwa majina watu wote waliokuwa watumwa, na wanaotafuta koo za Wamarekani weusi huiita ukuta kwa sababu nyuma yake majina hupotea. Kwenye ukurasa wa wilaya ya Ross, jimbo la Ohio, utamkuta Madison Hemings, na pembeni mwandishi wa sensa ameandika kwamba mtu huyu ni mwana wa Thomas Jefferson. Miaka mitatu baadaye, 1873, Madison mwenyewe alisimulia maisha yake kwenye gazeti la Ohio lililoitwa Pike County Republican: mama yake kupelekwa Paris akiwa binti mdogo, makubaliano yake na Jefferson ya kurudi Virginia, na watoto kuachiwa huru walipofikisha umri. Soma simulizi hiyo nzima. Kwa zaidi ya miaka mia moja wanahistoria wengi waliipuuza, kisha uchunguzi wa vinasaba ukaja kuiunga mkono.

Hatua ya 4: Panga safari, na uanzie chini

Monticello iko nje kidogo ya mji wa Charlottesville, takriban kilomita 190 kusini magharibi mwa Washington. Treni ya Amtrak inafika Charlottesville, ila kutoka stesheni hadi mlimani utahitaji teksi. Tiketi nunua mapema mtandaoni, hasa ukienda wakati wa kiangazi. Kwa waliohamia Marekani kuna siku moja yenye ladha yake. Tangu miaka ya 1960, kila tarehe 4 Julai hufanyika hapo hafla ya kuapisha raia wapya. Umati huwa mkubwa, kwa hiyo kama nia yako ni kusoma mawe kwa utulivu, chagua siku nyingine.

Wageni hupandishwa na basi dogo kutoka kituo cha wageni hadi kwenye nyumba. Usikimbilie hilo basi. Karibu na maegesho ya magari kuna makaburi ya watumwa wa Monticello, ambayo wanaakiolojia waliyathibitisha miaka ya mwanzo ya 2000. Yametambuliwa zaidi ya 40. Utaona mabonde madogo ardhini, miti, na mawe ya kawaida yasiyo na maandishi. Anzia hapa, kwa sababu ukipaacha mpaka mwisho wa siku, miguu itakuwa imechoka na utapita kama wanavyopita wengine.

Sasa panda juu. Ukishamaliza nyumba, pita kwenye Mulberry Row, njia iliyokuwa na karakana na vibanda vya watumwa. Hapo kuna kaburi linaloshangaza wageni, la Rachel Levy, aliyefariki 1839. Huyu si wa ukoo wa Jefferson. Ni mama yake Uriah Levy, ofisa Myahudi wa jeshi la majini aliyeinunua Monticello mwaka 1834, wakati nyumba ilikuwa ikianguka. Familia ya Levy ilikaa na mahali hapo, pamoja na misukosuko ya kesi na vita, hadi 1923. Bila wao pengine leo tungekuwa tunazuru msingi wa matofali tu.

Kutoka nyumbani shuka kwa miguu badala ya kupanda basi. Njia ya kushuka ndiyo inayopita makaburi ya ukoo.

Hatua ya 5: Soma makaburi yaliyo ndani ya uzio

Geti hufungwa. Utasoma ukiwa nje, kwa hiyo kamera yenye uwezo wa kuvuta picha karibu, au darubini ndogo, itakusaidia kuliko ujasiri wa kuparamia nondo.

Mpangilio ulianza kwa ahadi ya vijana wawili. Jefferson na rafiki yake Dabney Carr walizoea kusoma chini ya mwaloni mmoja mlimani, wakaahidiana kwamba atakayetangulia, mwenziwe amzike hapo. Carr baadaye akamwoa dada yake Jefferson, akawa shemeji. Alifariki tarehe 16 Mei 1773, akazikwa Shadwell wakati Jefferson hayupo. Jefferson aliporudi akauhamishia mwili mlimani. Hilo ndilo kaburi la kwanza la pale.

Tafuta kaburi la Martha, mke. Jefferson alichagua beti za Kigiriki kutoka kwa Homer, zinazosema kwamba hata kama huko kuzimu wafu husahauliana, yeye atamkumbuka mwenzake mpendwa. Aliziacha bila tafsiri, yaani wapita njia wengi wa Virginia wasingezielewa. Barua za wawili hao hazikubaki, na maandishi hayo ni kati ya mambo machache tuliyonayo ya huzuni yake kwa maneno aliyoyachagua mwenyewe.

Karibu naye wamo mabinti zao, Maria aliyefariki 1804 na Martha aliyefariki 1836, pamoja na mkwe, gavana Randolph. Yumo mjukuu Thomas Jefferson Randolph, msimamizi wa mirathi. Yumo pia mjukuu mwingine, George Wythe Randolph, ambaye mwaka 1862 alikuwa waziri wa vita wa serikali ya majimbo ya kusini yaliyojitenga yakitetea utumwa. Simama kidogo kwenye kaburi hilo, umbali wake na la mwandishi wa Azimio la Uhuru ni mdogo.

Halafu mnara wenyewe. Jefferson aliacha maagizo: jiwe la mraba la futi 3 kila upande, na juu yake nguzo yenye ncha ya futi 6. Alitaka jiwe la kawaida, gumu na la hovyo, ili asiwepo wa kushawishika kulivunja kwa thamani yake. Maandishi akayataja, na akasema pasiongezwe hata neno: hapa alizikwa Thomas Jefferson, mwandishi wa Azimio la Uhuru wa Marekani, wa Sheria ya Virginia ya uhuru wa dini, na baba wa Chuo Kikuu cha Virginia. Urais wa miaka 8 haumo. Ugavana haumo, wala ubalozi wa Ufaransa. Wengi husema huo ni unyenyekevu. Mimi naona ni mtu aliyehariri habari zake mpaka kaburini, na alijua vizuri sana kuhariri.

Hatua ya 6: Fuata mirathi, uelewe kwa nini ukoo ulitawanyika

Jefferson alikufa na deni la zaidi ya dola 107,000, fedha ambazo kwa wakati ule hazikulipika. Kwa wosia aliwapa uhuru watu watano: Burwell Colbert, John Hemmings, Joseph Fossett, Madison na Eston. Sally hakutajwa, binti yake Jefferson alimwacha aondoke kimyakimya, akaenda kuishi na wanawe mjini Charlottesville. Wengine walipigwa mnada. Tangazo la mnada wa Januari 1827 lilitaja watumwa 130 pamoja na mifugo na samani. Joseph Fossett, aliyekuwa mhunzi, alipata uhuru wake huku mkewe Edith na watoto wao wakiuzwa kwa wanunuzi mbalimbali. Mwanawe Peter alikuwa na miaka 11. Peter huyo alikuja kuwa mchungaji huko Cincinnati, na mwaka 1900, akiwa mzee, alirudi kuiona Monticello kwa macho yake.

Nyumba na shamba vikauzwa, lakini familia ilibakiza eneo la makaburi. Kwa hiyo leo kuna wamiliki wawili kwenye mlima mmoja. Nyumba ni ya Thomas Jefferson Foundation, taasisi iliyoinunua 1923. Makaburi ya uzio ni ya Monticello Association, chama cha vizazi vya Martha na Maria kilichoanzishwa 1913, na wanachama wake wana haki ya kuzikwa humo. Mwaka 2002 chama hicho kilipiga kura na kukataa kuwapokea wazao wa Sally Hemings kama wanachama. Ukiwa na swali, jua kwanza ni la nani. Waelekezaji wa nyumba si wasemaji wa chama.

Hatua ya 7: Nenda Missouri kuuona mnara wa kwanza

Mnara unaouona Monticello si ule uliosimamishwa 1833. Ule wageni waliumega vipande wakaondoka navyo kama kumbukumbu, na hesabu ya Jefferson kuhusu jiwe la hovyo ikashindwa. Bunge la Marekani likatoa fedha mwaka 1882, mnara mpya na mkubwa zaidi ukasimamishwa mwaka uliofuata. Wa zamani ukapewa Chuo Kikuu cha Missouri, mjini Columbia, chuo cha kwanza cha serikali kuanzishwa katika ardhi ambayo Jefferson aliinunua kutoka Ufaransa mwaka 1803. Umesimama nje, kwenye uwanja wa Francis Quadrangle, na unaweza kuufikia kwa mkono, pembe zake zilizomegwa zikionekana. Kibao chake cha marumaru kilinusurika moto wa 1892 ulioteketeza jengo kuu la chuo, kisha miaka ya karibuni kikafanyiwa ukarabati na wataalamu wa taasisi ya makumbusho ya Smithsonian.

Hatua ya 8: Wafuate waliozikwa mbali

Kwa upande wa ndoa, vituo viwili vinatosha kwa kuanzia. Francis Eppes, mtoto wa Maria, alihamia Florida na kaburi lake liko Tallahassee, kwenye makaburi ya kanisa la Mtakatifu Yohana. Nicholas Trist, mume wa mjukuu Virginia na mtu aliyejadili mkataba wa 1848 uliomaliza vita kati ya Marekani na Meksiko, yuko Ivy Hill, Alexandria, karibu kabisa na Washington.

Upande wa Hemings unadai uvumilivu zaidi. Beverly na Harriet waliondoka Monticello mwaka 1822, wakaishi kama wazungu na wakapotea kwenye rekodi. Makaburi yao hayajulikani. Madison alihamia Ohio baada ya mama yake kufariki 1835, naye akafa 1877. Eston alipitia Ohio, kisha akahamia Madison, mji mkuu wa Wisconsin, akajiita Eston Hemings Jefferson na kuhesabiwa mzungu. Alifariki 1856, na kaburi lake liko Forest Hill mjini humo. Tazama kinaya chake: jina la Jefferson ambalo wajukuu wa ndoa hawakulibeba, lilibebwa na mwana wa Sally. Kutoka kwa Madison alitoka kitukuu wa Sally, Frederick Madison Roberts, aliyechaguliwa 1918 kuwa Mmarekani mweusi wa kwanza katika bunge la jimbo la California.

Hapa ndipo habari ya vinasaba inapoingia. Kwa kuwa Jefferson hakuacha mwana wa ndoa, wachunguzi walichukua kromosomu Y, ile ambayo baba humrithisha mwanawe wa kiume, kutoka kwa wazao wa kiume wa Field Jefferson, baba yake mkubwa, wakailinganisha na ya mzao wa kiume wa Eston. Matokeo yalichapishwa 1998 katika jarida la Nature, na zililingana. Wajukuu wa Jefferson walikuwa wamewasingizia kuzaa na Sally Peter na Samuel Carr, wana wa yule Dabney aliyelala chini ya mwaloni. Vipimo viliwatoa. Januari 2000 taasisi ya Monticello ikatangaza kwamba kuna uwezekano mkubwa Jefferson ndiye baba wa watoto wote wa Sally.

Vipimo hivyo havikufikia ukoo wa Madison. Mwanawe mmoja, William Beverly Hemings, amezikwa kwenye makaburi ya askari ya Leavenworth, Kansas, na watafiti waliomba kumfukua wapate sampuli. Familia ilikataa. Ukifika huko, angalia kwa heshima na uondoke. Jibu lao lilishatolewa.

Hatua ya 9: Andika hata usichokiona

Kaburi la Sally Hemings halijulikani lilipo. Kwenye mchoro wako usiache tupu, na usikopi alama ya ramani kutoka tovuti za makaburi kama Find a Grave, ambazo zina kurasa za watu wasio na kaburi linalojulikana. Andika: alifariki 1835, Charlottesville, mahali hapajathibitishwa. Fanya hivyo kwa Beverly na Harriet, na kwa kila jina la Farm Book utakaloshindwa kulifikisha makaburini. Kila mstari uandikie chanzo chake: jiwe, barua, sensa, simulizi au vinasaba.

Kwa simulizi, wasiliana na mradi wa Getting Word, ulioanzishwa Monticello mwaka 1993 kukusanya habari kutoka kwa wazao wa watumwa wa pale. Mahojiano mengi yamewekwa mtandaoni, yamepangwa kwa koo: Hemings, Fossett, Hughes na nyinginezo. Sikiliza ya Fossett kwanza, ndiyo inayoeleza vizuri zaidi jinsi familia moja ilivyokusanyana tena Ohio baada ya mnada.